Nilimnyima Mama Zaina kura, kisha nikatumwa kumbembeleza awe kocha wetu

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, kusini mwa Maniema, Kongo.

Naanza na la aibu ili lipite mapema: kura ya nne ilikuwa yangu.

Kwa miaka sita nimekana. Nimekana mbele ya komite, mbele ya wachezaji, mbele ya mume wangu. Nimekana hata mbele ya padre, ingawa padre mwenyewe hakuniuliza.

Leo nasema yote. Wengine waliokuwepo wamo humu jukwaani, nawajua hata kwa majina yao ya bandia, kwa hiyo sina nafasi ya kutia chumvi. Nikipotosha, wanisahihishe. Mimi ni mwalimu, nimezoea kusahihisha wengine, lakini nitavumilia.

Hapa Kasongo tuna timu ya basketi ya wanaume. Ni timu ya kulipwa. Ndugu wa Dar na Nairobi, naomba mmalize kucheka kwanza.

Kulipwa kwetu maana yake ni kwamba wachezaji hawana kazi nyingine inayojulikana, na kila mwanzo wa mwezi wanasimama karibu na duka la Prezida wa timu wakiwa wamenyoa vizuri.

Uwanja wetu ni sakafu ya saruji nyuma ya shule ya mapadri. Kikapu kimoja kimesimama sawasawa. Cha pili kimeinama kidogo upande wa kushoto. Wachezaji wetu wamekizoea. Wageni ndio wanaopata taabu.

Mimi ni sekretari wa komite. Nilichaguliwa kwa sababu nina shahada ya chuo kikuu na mwandiko mzuri. Kuhusu basketi yenyewe, siku niliyochaguliwa nilijua kwamba mpira wake ni wa rangi ya chungwa.

Sasa, Mama Zaina.

Kwao ni Lusangi, kule Kabambare. Aliwahi kucheza basketi Kindu alipokuwa msichana, kisha akaolewa, kisha akafiwa na mume, kisha akafungua mgahawa hapa Kasongo karibu na soko. Wali, maharage, samaki wa Lualaba.

Kocha tuliyekuwa naye wakati ule aliugua, na yeye akaombwa ashike timu kwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa msimu mzima.

Alikuwa na namna yake. Anamwaga maharage kwenye sinia, meupe ni sisi, mekundu ni wapinzani, na anayasogeza kwa kidole kimoja huku wachezaji wameinama kumzunguka. Kisha anawapeleka uwanjani na kuwafanya watembee ile mipango polepole, hatua kwa hatua, bila mpira, kama watu wanaojifunza kuingia na bibi arusi. Mtu akitaka kukimbia anarudishwa mwanzo.

Mji mzima ulicheka. Tukashinda mechi tisa.

Ndipo komite ikakaa kuamua: tumthibitishe kuwa kocha mkuu, au tulete mtu mwenye diploma ya ukocha?

Tulikuwa saba, wanaume sita na mimi. Tulipiga kura ya siri. Vipande vya karatasi ya daftari, kalamu moja ya buluu ikizunguka meza. Ndiyo au hapana.

Hapana zilikuwa nne.

Wanaume watatu walisema waziwazi kwamba wao walikataa: mwanamke kufundisha wanaume, haijaonekana, na kadhalika. Lakini wa nne hakujitokeza.

Hakuna aliyenishuku. Mwanamke peke yake kwenye komite, angempinga vipi mwanamke mwenzake? Mama Zaina alikuja akanikumbatia mbele ya wote. "Asante, Yaya," aliniambia. Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nikampigapiga mgongoni kama mtu anayestahili kushukuriwa.

Kwa nini nilimkataa? Wakuu, nimetafuta sababu ya heshima kwa miaka sita na sijaipata.

Hakuwa na diploma. Mimi nilikuwa na shahada. Niliona kwamba kama mtu anaweza kufika pale kwa maharage na sinia, basi ile miaka yangu ya kukariri katika mabweni yenye kunguni ilikuwa ya nini? Hiyo tu.

Siku chache baadaye alifunga mgahawa akaenda Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, akafungua mwingine wa kulisha wachimbaji. Hakuniaga. Nilisema moyoni, ni huzuni hiyo.

Balaa jingine sikulitazamia. Prezida wetu, Papa Ramazani, na makamu wake, Papa Sefu, walikuwa wamepiga ndiyo wote wawili, kama mwanaume wa tatu ambaye karatasi yake kila mtu aliiona. Kila mmoja alijua kura yake, na kila mmoja akaamini kwamba mwenzake ndiye msaliti wa nne. Watu hawa walikuwa wanakula sahani moja tangu utoto. Tangu siku ile, hata salamu wanapitishia kwangu. "Madame, mwambie makamu." "Madame, mwambie Prezida." Na mimi nilipeleka.

Makocha wenye diploma walikuja. Wa kwanza alitusomea mhadhara kila jioni mpaka wachezaji wakaanza kusinzia wamesimama. Wa pili alipigana na refa. Wa tatu alikuwa mzuri sana, lakini alikuwa mzuri kwa simu. Kufika alifika mara mbili. Mwaka jana tulifungwa na wanafunzi wa sekondari, na sitasema kwa pointi ngapi.

Mwaka huu ligi ya mkoa ilituma neno: Ijumaa saa sita mchana mjumbe atakuwa Kasongo kuchukua fomu za timu. Fomu isiyo na jina la kocha haipokelewi. Na timu isiyo na fomu haichezi.

Komite ilikaa dukani kwa Prezida, tukiegemea magunia ya mchele. Kulikuwa na jina moja tu, bwana mmoja wa Bukavu aliyetuma CV ya kurasa kumi na moja, yenye picha yake amevaa suti na ameshika mpira kama tikiti maji.

Kapteni wetu, Kitenge, kijana mrefu asiyependa maneno, aliomba kusema.

"Sisi wachezaji tunamutaka Mama Zaina. Kama hapana, kila mutu iko na timu yake huko Kindu. Tumesha kuongea nao."

Prezida aliifunika ile CV kwa kiganja.

Mmoja wa wale watatu wa zamani alikohoa. "Lakini yeye ni mwanamuke..."

"Papa," Kitenge akamkata kwa adabu, "wale wanafunzi waliotupiga, kochi yao ilikuwa mwanaume. Na yetu pia. Sasa hiyo imetusaidia nini?"

Hata kura hatukupiga. Prezida alinigeukia mimi.

"Madame, wewe njo ulimupigia kura wakati ule. Mutu hawezi kumukatalia mutetezi wake. Utakuwa musemaji wetu."

"Njo" kwetu ni "ndiye". Wakuu, nilisema "sawa". Ningesema nini?

Tulimtumia ujumbe Salamabila kwamba tunakwenda kwao Lusangi kumwomba kwa familia, naye akajibu kwamba atakuja kusikiliza. Kwetu mtu haombwi kwa barua. Barua ni ya kuomba ruhusa ya kukosa shule. Mtu unamwomba kwa wazee wake, kwa msafara kamili.

Kwa hiyo Jumanne alfajiri tuliondoka kwa pikipiki nne, kila mmoja na dereva wake: Prezida, makamu, Kitenge na mimi. Tulibeba mbuzi, gunia la chumvi, jembe jipya na kitenge cha wax. Prezida alivaa kanzu mpya nyeupe, ambayo kwa barabara ile ilikuwa ni imani kubwa. Mbuzi alipakiwa nyuma ya makamu na alilia njia nzima. Mara tatu tulishuka kusukuma pikipiki kwenye tope, na mara tatu Prezida aliinua kanzu na kuniambia, "Madame, mwambie makamu asukume upande wake."

Tulifika mchana. Na hapo tukagundua kosa letu.

Nani duniani anakwenda kwenye boma la mjane akiwa na mbuzi, chumvi, jembe na kitenge, akiongozwa na mwanaume mwenye kanzu mpya? Na Prezida wetu, sikuwa nimewaambia, alifiwa na mke miaka miwili iliyopita.

Vigelegele vilianza kabla hatujashuka.

Shangazi yake Zaina, mama mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, alimzunguka Prezida mara moja, polepole, kama anayenunua.

"Bwana mwenyewe njo huyu?" aliuliza. "Tumbo iko nayo. Lakini meno ni mazuri."

Prezida alinitazama kama mtu anayezama.

Kitenge ndiye aliyetuokoa. "Mama, samahani. Hatukuje kuoa. Tunamutaka kwa basketi."

"Kwa kitu gani?"

"Basketi, Mama. Mupira."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi."

Shangazi alifikiri. "Wanaume wa siku hizi," alisema, "mbuzi kwa mupira." Lakini alimchukua mbuzi.

Tulikaribishwa kwenye mikeka. Mzee wa familia ni baba mkubwa wa Zaina, Baba Feruzi, mtu mkavu, mpole, mwenye kofia ya kufuma. Alitusikiliza. Nilisema vizuri, nakiri. Nilitaja mechi tisa, nilitaja ligi, nilitaja heshima ya Kasongo na Kabambare. Nilikuwa karibu kujipigia makofi.

Alipomaliza kusikia, alisema hivi:

"Munaomba mutu, tumewasikia. Lakini katika nyumba hii hatutoe mutu kabla ya kuuliza neno moja. Kati yenu na mutoto wetu, iko jambo? Kama iko, liseme sasa, mbuzi ingali muzima. Likibaki ndani, nyama hii itatukaa kwa koo sisi wote."

Nilijua wazee wa huko wanauliza hivyo wakati wa posa. Sikujua wanauliza hata kwa kocha.

Prezida alisema upande wake hakuna jambo. Makamu alisema hakuna. Kitenge alisema hakuna. Kisha macho yakanijia mimi, na yalikuja kwa upole, kwa sababu wote walijua mimi ndiye niliyekuwa mtetezi.

Ningeweza kusema hakuna. Nilikuwa na mazoezi ya miaka sita.

Lakini mbuzi alikuwa pale, amefungwa kwenye mti wa mpapai, anatafuna, na mimi nikaona jinsi nitakavyokaa kula nyama ile. Kama tungekula juu ya uongo wangu na Zaina akaja kwetu, ningemwona kila siku uwanjani. Kama asingekuja, timu ingekufa na mimi ningebaki kuwa mtetezi wake mpaka kaburini. Njia zote mbili zilinuka.

Nikasimama.

"Baba mukubwa, iko. Na ni langu. Siku ile tulipomutoa Mama Zaina, wanaume watatu walisema hapana. Wa nne ni mimi. Hakuwa na kosa. Nilimuonea wivu kwa sababu hana diploma, na alikuwa anajua kazi kuliko wenye nayo. Halafu nikaacha anishukuru."

Kisha nikasikia sauti nyuma yangu.

"Ramazani."

Alikuwa Papa Sefu, makamu. Alikuwa anamtazama Prezida ana kwa ana, bila kupitia kwangu.

"Miaka sita, Ramazani!"

"Miaka sita nakula peke yangu!" Prezida akajibu, machozi yamemjaa. "Nilisema ni wewe!"

"Na miye nilisema ni wewe!"

"Mujinga wewe!"

"Mujinga ni wewe!"

Wakashikana mikono, wazee wawili, wakatikisana kama watu wanaotaka kupigana. Boma zima likacheka, na shangazi akapiga vigelegele kwa mara ya pili siku hiyo, safari hii kwa watu sahihi.

Zaina alikuwa jikoni na wanawake wenzake. Alitoka akifuta mikono kwenye kitenge chake. Ameongezeka mvi kidogo, lakini ni yeye yule, anatembea kama anapima uwanja.

"Yaya," alisema, "nilijuaka tangu siku ile."

Nikamwuliza alijuaje.

"Muliniuzia mechi ndani ya mugahawa wangu! Mulikula wali yangu, mukanifukuza, mukaacha karatasi juu ya meza nizizoe na mifupa ya samaki. Nikazisoma. Sita ziko buluu, moja iko nyekundu. Hapa Kasongo nani anatembeaka na kalamu nyekundu ndani ya mukoba?"

Wakuu, mimi husahihisha mitihani kwa kalamu nyekundu. Ile ya buluu iliponifikia nilikuwa nimeshaandika na yangu. Watu saba wenye akili timamu walimfanyia mtu kura ya siri mezani kwake mwenyewe, na mwenye shahada ndiye aliyeweka sahihi kwa wino.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikungojea." Kisha akaongeza, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi: "Kusamehe, nilisha kusamehe zamani. Kuja, hiyo ni jambo ingine."

Alitueleza. Salamabila ana mgahawa, na ana timu ya wasichana, mabinti wa wachimbaji na wauza mafuta, anaowafundisha jioni kwenye kiwanja cha udongo. Hawezi kuwaacha kama yeye alivyoachwa. Atarudi kwao kwanza, atakaa nao, atawauliza. Na akija kwetu, hakuna mtu wa komite atakayeingia uwanjani kusema na wachezaji wakati wa mechi. Hapo alimtazama Prezida, na Prezida akatazama mbuzi.

"Nitapiga simu Ijumaa," alisema.

Baba Feruzi alisema mbuzi achinjwe. Jibu liwe ndiyo, liwe hapana, jambo limeshasemwa. Nilikula. Sijawahi kula nyama tamu kama ile, na haikuwa na pilipili.

Tulirudi Kasongo tukiwa hatuna jibu. Lakini Prezida na makamu walirudi wamepanda pikipiki moja, wakibishana njia nzima, na kwangu hawakupitisha neno hata moja.

Ijumaa asubuhi mjumbe wa ligi aliweka meza yake ndogo pembeni ya uwanja, chini ya ukuta wa shule. Timu nyingine zilileta fomu zao zikaenda. Yetu ilikuwa mikononi mwangu, na mstari wa kocha ulikuwa mweupe.

Saa nne simu haikulia. Saa tano haikulia. Wachezaji walikaa kwenye saruji, Kitenge akiwa amefunika kichwa kwa fulana.

Saa tano na nusu Prezida alichomoa zile kurasa kumi na moja za Bukavu kutoka mfukoni mwa kanzu. "Madame, mimi namutaka Zaina kuliko wewe. Lakini bora kochi mubaya kuliko timu ya kufa. Andika huyu."

Nikamwambia hapana. Mbele ya wote, kwa sauti, na nikanyoosha mkono juu ili ahesabu vizuri. "Tungoje mpaka dakika ya mwisho."

Kabla sijamaliza, niseme nililojifunza, maana najua humu mtu akifika mwisho wa uzi anakimbilia kutukana bila kusoma funzo.

Nilidhani uongo wangu ulikuwa mdogo kwa sababu ulikuwa kipande cha karatasi. Lakini ulikuwa umekaa kati ya marafiki wawili miaka sita, na mimi nikiwa tarishi wao. Nilidhani pia kwamba anayedanganywa hajui. Mara nyingi anajua. Anakungoja tu, na wakati anangoja anafundisha wasichana wa Salamabila kucheza kuliko timu yako.

Na kwa wale watakaouliza: ndiyo, msimu huu tumekwenda Kindu kwenye fainali. Kikombe kiko dukani kwa Prezida, juu ya gunia la mchele, na huruhusiwi kununua mchele kabla hujakitazama. Wale wanaume watatu wa zamani sasa wanasema wao ndio waliomgundua. Tumewaachia.

Uwanja ni wenu, wakuu. Mwenye kura yake aliyoificha, kwenye komite, kwenye ukoo, kwenye ndoa, aitoe hapa. Wenye mawe pia warushe, nimevaa kofia.

Sasa simu yenyewe.

Ililia saa sita kasoro dakika kumi. Nilifungua spika ili kila mtu asikie.

"Yaya."

"Mama Zaina! Uko wapi?"

"Niko njiani. Pikipiki imesimama, wanaziba pneu iliyotoboka. Wasichana wangu wamesema niende, lakini kila mwezi nirudi kuwaona. Munakubali hiyo?"

"Tunakubali!" alipiga kelele Prezida, na makamu, na wachezaji wote kumi na wawili.

"Basi, niandike."

Nikaandika. Mjumbe wa ligi alisoma jina, akaangalia saa yake, akagonga muhuri. Uwanja ulilipuka. Kitenge aliruka akagusa kile kikapu kilichoinama.

"Hiyo kelele ni nini?" aliuliza Zaina.

"Ni wachezaji, wanafurahi."

"Wanafurahi wamesimama ao wamekaa?"

Nikatazama. "Wengine wamelala chini."

"Waambie wazunguke tereni mpaka nifike."

"Mpaka ufike? Kwani uko karibu?"

"Niko mbali."

Kitenge alikuwa ameshaanza kuuzunguka uwanja. Wengine wakamfuata, wakicheka, wakipiga makofi.

"Na komite iko hapo?"

"Iko, Mama Zaina."

"Nayo."

Prezida alinitazama. Makamu alimtazama Prezida. Kisha Prezida akakunja kanzu mpaka magotini, akashika mkono wa rafiki yake, na wazee wawili wakaingia kwenye mstari nyuma ya vijana.

"Yaya, nasikia viatu vya watu wote isipokuwa vyako."

"Mama Zaina, mimi nimeshika simu."

"Kimbia nayo."